Dawa Tuliyogawana

Mimi huhesabu pumzi za watu. Nikikaa kanisani na mbele yangu kuna mtoto aliyelala mapajani mwa mama yake, macho yangu hushuka yenyewe hadi kwenye tumbo lake na kuanza: moja, mbili, tatu. Dakika nzima naijua bila saa, kama mpishi anavyojua ugali umeiva bila kuuonja. Kuna wakati mama wa mtoto hugeuka akanikuta nimekodoa macho, akavuta leso akamfunika mwanawe. Simlaumu. Mtu anayemtazama mtoto wako namna hiyo ana jambo.

Jambo langu ni mvulana wa miaka mitatu na miezi kumi. Sisi ndugu zake tumekuwa watu wazima, mmoja wetu ameanza kuota mvi, lakini yeye yuko palepale. Alikuwa akikohoa kwa mtindo wake: mara mbili kwa kifupi, kisha moja ndefu inayokwisha kama mtu anayekwangua sufuria. Nimeishi Kawangware miaka mingi sasa, mbali na chumba kile, na bado mvua ikipiga mabati nasikia mbili fupi, moja ndefu. Nikitega sikio, ni mvua tu.

Tulikuwa wanne, katika chumba kimoja cha Lindi, Kibera, ukuta wa udongo uliopigwa plasta upande wa kichochoro peke yake. Mimi ndiye wa kwanza. Baada yangu mvulana, kisha msichana, kisha yeye, kitinda mimba. Baba alikufa kabla kitinda mimba hajaanza kutambaa. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili. Aliugua kwa muda mrefu na akili zake zikabaki timamu hadi mwisho, na katika zile wiki za mwisho alikuwa na neno moja ambalo alilirudia hata nilipokuwa nimempa kisogo nikiosha vyombo.

"Chochote kitakachoingia kwa huo mlango, mgawane. Hata kikiwa kidogo namna gani. Asile mmoja wengine wakitazama."

Baada ya mazishi, watu wa nyumbani waliotoka upande wa ziwa walikaa kwenye kitanda chetu wakaanza kutugawa sisi wenyewe. Mvulana aende kwa mjomba, msichana kwa shangazi, huyu mdogo ataangaliwa na nyanya. Mimi walisema nitafutiwe kazi ya nyumba.

"Hakuna anayeenda," nikasema.

"Na wewe utawalisha nini?" mjomba akauliza. "Utawapikia vitabu vyako?"

Wengine wakacheka. Wiki iliyofuata nilirudisha vitabu shuleni, nikaanza kufulia watu nguo mitaa ya ng'ambo. Mjomba hajarudia swali lake.

Nilishika neno la mama kama wengine wanavyoshika amri kumi. Andazi moja lilikuwa mafungu manne. Yai lilikuwa mafungu manne, na kukata yai la kuchemsha mara nne bila kiini kubomoka kunataka mkono. Tulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mwenye kisu huchagua mwisho. Mwenye kisu nilikuwa mimi, kwa hiyo nilijifunza kukata sawasawa kabisa. Majirani walitusifu. Walisema watoto wa marehemu hawagombani, watazame, kama ndege wa tundu moja.

Juu ya kabati kulikuwa na kopo la majarini ambalo mama aliliacha. Ndani yake alikuwa akiweka dawa zilizobaki. Kila nyumba niliyoijua ilikuwa na kopo kama hilo, au mfuko, au glasi iliyovunjika mdomo. Mtu akimaliza kuumwa, dawa iliyobaki haitupwi. Nani atupe dawa? Itangoja atakayefuata. Humo mlikuwa na vidonge vyeupe vya maumivu, vya njano ambavyo hakuna aliyekumbuka vilikuwa vya nini, na zile tulizoziheshimu kuliko zote, rangi mbili, nyekundu upande mmoja na nyeusi upande wa pili. Sikujua kwamba zinaitwa antibayotiki, wala kwamba haziui homa ya mafua hata ukila gunia. Nilijua tu kwamba mtu akikohoa huenda kwa kemisti, husema "nichanganyie za homa," na jamaa wa kemisti huchanganya kwenye karatasi, na humo ndani lazima rangi mbili ionekane. Isipoonekana, unarudi kumuuliza kama anakuona mjinga.

Msimu mmoja wa baridi, ule wa Julai ambapo jua hukaa nyuma ya mawingu mwezi mzima, dada yangu aliugua kifua kikweli. Alikuwa na miaka minane. Nilimpeleka zahanati, muuguzi akasema ni nimonia, akampa bahasha ya rangi mbili.

"Azinywe zote hizi," akaniambia. "Hata akipata nafuu kesho, azimalize. Umenisikia?"

Nilimsikia. Naweza hata sasa kukuonyesha mahali alipokuwa amesimama. Niliitikia kwa kichwa, nikaenda nyumbani na bahasha, nikaifungua mezani, na macho matano yakaitazama. Nasema matano kwa sababu ya kitinda mimba, ambaye jicho lake moja lilikuwa limefungwa na uchafu wa mafua. Wote walikuwa na makamasi. Wote walikuwa wanakohoa.

"Na mimi?" akauliza.

Nilitafuta kisu.

Nilivuta kidonge kikafunguka katikati, nikamwaga unga wake kwenye sahani ya bati, nikaugawa kwa ncha ya kisu. Mafungu manne, maana nami nilikuwa nimeanza kuwashwa na koo. Kila fungu likaingia kwenye kikombe cha uji. Nilikuwa mwangalifu mno. Niliinama hadi pua yangu ikakaribia kugusa sahani, nikazuia pumzi ili unga usipeperuke. Naikumbuka fahari niliyokuwa nayo. Dada alipopata nafuu siku ya pili, vilivyobaki nikavitia kwenye kopo, maana baridi ilikuwa bado ndefu.

Maganda matupu alipewa kitinda mimba. Aliyavisha vijiti vya kiberiti kama kofia, akavipanga kwenye ufa wa meza: watu wa kofia nyekundu huku, watu wa kofia nyeusi kule. Walikuwa na safari zao. Walikuwa wakienda sokoni, wakirudi, wakiugua, wakipewa dawa.

Baridi ile, homa ilituzunguka mara tatu au nne. Kila mara tulifungua kopo. Kila mara aliyeugua alipona siku mbili tatu baadaye, na mimi nikaamini ni dawa. Leo najua homa ya mafua huondoka yenyewe, ukiipa dawa au usipoipa, kama mgeni ambaye siku zake zimekwisha. Lakini yeyote aliyekuwa mlangoni wakati mgeni anaondoka hudhani ni yeye aliyemfukuza.

Kisha ikaja ile ambayo haikuondoka.

Siku ya kwanza alikuwa moto na hakutaka uji. Nikafungua kopo. Siku ya pili alipumua haraka, kama mtoto aliyetoka kukimbia, naye alikuwa amelala. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa ikivutwa ndani. Nilimwita mama wa chapati, jirani wa ukuta kwa ukuta. Aliinama akamtazama, mikono imejaa unga.

"Umempa kitu?"

"Nimempa rangi mbili."

"Basi ingoje ifanye kazi. Dawa si kiberiti, ukiwasha saa hiyo inawaka."

Nikaingoja. Hapo ndipo mahali ninaporudi kila siku. Kama kopo lingekuwa tupu, ningemfunga mgongoni asubuhi ile nikaenda. Lakini dawa ilikuwepo, na mtu mwenye dawa nyumbani hana haraka. Siku ya tatu nikampa tena, nikagawa kidogo na dada yangu kwa sababu naye alikuwa amekohoa. Yeye ndiye aliyeshika kikombe, mimi nikamwinua kichwa mdogo wetu ili ameze. Alimeza yote. Alikuwa mtoto mtiifu kwa dawa.

Siku ya nne zahanati hawakutufanya tungoje. Muuguzi yuleyule alimfunua shati, akatazama saa yake ya mkononi, na midomo yake ikawa inahesabu bila sauti. Sikuwahi kuona mtu akihesabu pumzi. Nilidhani anaomba. Kisha akaandika karatasi, na tukaingizwa kwenye gari la kwenda hospitali kubwa.

Huko daktari alikuwa kijana, amechoka, na sauti ya upole.

"Amepewa dawa yoyote?"

"Ndiyo," nikasema upesi, nikitaka ajue kwamba mtoto huyu ana mwenyewe. "Amekunywa rangi mbili."

"Ngapi?"

"Fungu lake."

"Fungu lake ni ngapi?"

Nikamweleza. Sahani ya bati, kisu, mafungu manne, jana mawili. Nilieleza hata sheria ya mwenye kisu, sijui kwa nini. Alishusha kalamu. Hakunikaripia, na ningefurahi kama angenikaripia.

Walimtundikia dawa ya mshipa, kisha wakabadilisha wakaweka nyingine yenye nguvu zaidi. Alikaa siku moja na nusu. Ilikuwa mchana, wodi ikipigwa deki, na mwanamke wa deki alikuwa ameniomba niinue miguu. Niliinua miguu. Nilipoishusha, sakafu ilikuwa bado na maji, na muuguzi alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda akinitazama mimi badala ya kumtazama mtoto.

Nilimngoja daktari kwenye korido.

"Ni mimi?" nikamuuliza.

Alifikiri. Namshukuru kwamba alifikiri.

"Sijui," akasema. "Wako wanaoletwa hapa siku ya kwanza na bado wanatushinda. Lakini dawa ya kidogo kidogo huzoeza viini, vikajifunza kuishi nayo. Na siku tatu ni nyingi kwa kifua cha mtoto. Zaidi ya hapo nikikwambia kitu nitakuwa nakudanganya."

Hivyo ndivyo nilivyoachwa. Hakuna aliyenihukumu na hakuna aliyeniachilia. Siku nilipohama chumba kile, nilivuta kitanda nikakuta kwenye pembe kijiti kimoja cha kiberiti kilichovaa kofia nyeusi. Kilikuwa kimelala kifudifudi.

Tulihamia Kawangware. Nilifulia watu kwanza, kisha nikaosha nywele katika saluni moja pale stendi ya Fifty-six, kisha nikapata kazi ya usafi katika kliniki ndogo upande wa Satellite. Ndugu yangu wa pili ni fundi wa umeme mji mwingine. Hupiga simu kila Jumapili na hajawahi kumtaja mdogo wetu. Dada yangu aliolewa, akarudi Lindi ileile, vichochoro vitatu kutoka chumba chetu cha zamani. Mimi nilipochaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa mtaa, tulifundishwa mambo mengi, na siku moja tukapewa kijisaa cha kuhesabia pumzi za watoto. Mkufunzi aliuliza nani ataanza. Nilisimama. Nilihesabu vizuri sana. Alisema nina kipaji.

Kazi yenyewe ni ya ubishi kuliko ya dawa. Watu hawaji kliniki na ugonjwa, wanakuja na jina la dawa. Mwenye ploti ninayopanga, bibi kizee tunayemwita shosho, ambaye ukoo wake ulikuwa na shamba hapa kabla ya nyumba hizi zote, alishikwa na homa mwaka huu akatinga kliniki na shali mbili. Daktari wetu alimpima kifua, akamwambia ni mafua, anywe vitu vya moto, apumzike, arudi ikiwa atapumua kwa shida au homa ikikaa.

Shosho alinigeukia mimi niliyekuwa nikipanguza dirisha.

"We msichana, huyu ni daktari ama ni mpishi? Ananiambia chai na limau. Si nina ndimu nyumbani?"

"Shosho, dawa ya rangi mbili haiui mafua."

"Imeniponya miaka arobaini!"

"Mafua yalikwisha yenyewe shosho, dawa ilikuwa inapita tu."

"Eeh! Sasa nyumba yangu unalala na mdomo wako unanijibu." Lakini alicheka, akaenda akinung'unika kwa Kikuyu, na baada ya wiki alikuwa mzima, akapiga kelele uani kwamba ndimu zake ni kali kuliko za wengine. Tangu siku hiyo huwatuma wapangaji kwangu. "Enda kwa yule wa kuhesabu," huwaambia. "Atakuhesabu."

Nimesimulia ya shosho ili ieleweke kwamba nilikuwa najua ninachosema. Nilikuwa nimekisema kwenye milango mingi.

Kisha dada yangu akaja. Ilikuwa asubuhi ya kijivu, tena msimu wa baridi, na alikuwa amembeba mgongoni mwanawe wa mwaka mmoja na miezi miwili, huku amemshika mkono binti yake wa miaka mitano. Hata kabla hajafika mlangoni nilisikia. Mbili fupi. Moja ndefu.

Niliweka chini kikombe nilichokuwa nacho.

"Siste, umesikia?" akasema. Hakusema sasa, hakusema habari.

"Nimesikia."

"Ni yeye kabisa."

Alikaa kitandani akamfungua mtoto, na kutoka kwenye sidiria akatoa karatasi iliyokunjwa. Kemisti alikuwa tayari amemchanganyia. Niliifungua. Katikati ya vidonge vyeupe kulikuwa na vinne vya rangi mbili.

"Sijampa," akasema. "Nimeshika kikombe nikashindwa. Nikasema wacha nimletee mwenye kujua."

Nilimlaza mtoto, nikangoja anyamaze, nikawasha kijisaa. Thelathini na nne. Kwa umri wake tunashtuka ikifika arobaini. Mbavu zilikuwa zimetulia, alikuwa ananyonya, pua ikitiririka. Nilihesabu tena. Thelathini na tano. Ningekuwa kwenye mlango wa mtu mwingine ningetabasamu na kusema, mama, ni homa ya kawaida. Nilimfunga mgongoni tukaenda kliniki.

Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma bila haraka. Akasema nilichokijua: mafua. Anyonye sana, pua isafishwe kwa maji ya chumvi kidogo, atazamwe pumzi, na likibadilika lolote arudishwe saa hiyohiyo, si kesho.

"Antibayotiki hahitaji," akasema.

Na mimi, mwenye kijisaa, mwenye kipaji, nikasikia sauti yangu ikisema: "Daktari, si tumpe tu? Kujikinga?"

Aliniangalia. Tumefanya kazi pamoja miaka sita.

"Mwenzangu," akasema, "shosho ulimwambia nini?"

"Shosho ni mtu mzima."

"Dawa haimkingi mtoto na nimonia ambayo hajaipata. Itamwendesha tumbo, na siku atakayoihitaji kweli itakuwa imekwisha makali. Unalijua hili kuliko mimi."

Nililijua. Ila kuna kujua kwa kichwani, na kuna kujua kwa mikono, na mikono yangu ilikuwa inataka kisu na sahani. Wanaotuambia hatuelewi dawa hawajui jambo hili. Anayeomba dawa si lazima awe mjinga. Huenda ana maiti nyumbani.

Dada alitoa ile karatasi ya kemisti akaiweka mezani kwa daktari, polepole, kama mtu anayesalimisha silaha. "Ikae hapa basi," akasema. "Ikiwa nyumbani nitampa."

Nilimwambia asirudi Lindi, akae kwangu. Siku ya kwanza thelathini na tano. Siku ya pili thelathini na saba, na makamasi yakawa mazito. Nilihesabu kabla ya kwenda kazini na nikarudi saa nne kuhesabu, na saa saba. Dada akaniambia, "Utamchosha kwa kumtazama." Tukacheka kidogo. Halafu, bila kuacha kukunja nepi, akasema:

"Mimi ndiye nilishika kikombe."

Sikujua kwamba alikumbuka. Alikuwa na miaka minane.

"Mimi ndiye niligawa," nikasema.

"Fungu langu lilikuwa kubwa kuliko lake. Siku ile ya mwisho. Niliona na nikanyamaza."

"Yalikuwa sawa. Nilipima."

"Hayakuwa sawa, siste."

Miaka yote hiyo kila mmoja wetu alikuwa amejibebea lote. Hilo tu ndilo hatukuwahi kugawana.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amelala, nikaona kabla ya kuwasha kijisaa. Arobaini na nane. Nikarudia: arobaini na tisa. Dada alikuwa amesimama na leso mkononi, alisoma uso wangu akamchukua mtoto. Tulifika kliniki wakati mlango unafunguliwa. Nywele zangu zilikuwa bado na wavu wa kulalia.

Daktari alisikiliza mgongo wa kushoto kwa muda mrefu.

"Sasa ndiyo," akasema. "Sasa anaihitaji."

Hakuitumia karatasi ya kemisti. Alitoa vidonge vya watoto, vya kuyeyushwa kwenye maji, vilivyofungwa kwenye karatasi ya fedha. Asubuhi na jioni, siku tano, bila kuruka. Akaagiza tumrudishe kesho yake amtazame. Dawa ya kwanza tulimpa palepale. Nilishika kikombe mimi, dada akamwinua kichwa; hatukupanga iwe hivyo.

Kesho yake arobaini na moja. Kesho kutwa thelathini na tatu, akaomba ndizi. Siku ya nne ya dawa alivunja kifuniko cha sufuria yangu, ama tuseme alikipinda kisinyooke tena, akakigonga sakafuni hadi shosho akauliza kutoka uani kama kliniki imehamia kwangu. Kukohoa kulikuwa kumelegea. Nilitega sikio nisikie mbili fupi na moja ndefu, nikasikia kikohozi cha mtoto yeyote.

Siku ya tano, jioni kabla ya taa, dada alifungua pakiti. Zilikuwa zimebaki za mwisho, ndani ya vifuko viwili vya fedha. Aliziangalia, akamwangalia mtoto aliyekuwa akitambaa chini ya meza akimfuata dada yake. Yule msichana alikuwa ameanza mafua tangu juzi. Alikohoa, akajipanguza kwa kiwiko, akaona kikombe kidogo cha plastiki na kijiko.

"Na mimi?" akasema.

Hakuna mtu aliyemfundisha neno hilo.

Dada aligeuka kwangu. "Huyu mdogo amepona, si unamwona? Na huyu anaanza. Nimkatie..." Akaishia hapo. Nilimwona akilisikia alilokuwa akilisema. Mkono wangu, Mungu ananiona, ulikuwa umeshafika kwenye droo ya visu.

Niliifunga ile droo. Nikamwita msichana, nikamkalisha pajani, nikamtuliza, nikahesabu. Ishirini na nne. Kifua kiko sawa. Nikampashia maji, nikakamua ndimu moja ya shosho, nikatia asali kijiko kizima, nikampa kwenye kikombe kikubwa kuliko cha ndugu yake.

"Hiki ni chako," nikamwambia. "Kile ni cha mtoto. Hatugawani kile."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliangalia kikombe chake, akaangalia cha mwenzake, akapima kwa macho kama tulivyokuwa tukipima sisi, akaona amepata kikubwa, akanywa.

Mama, nilisema moyoni, samahani. Kila kitu kitakachoingia kwa huu mlango nitawagawia, mpaka chumvi. Hiki hapana.

Dada aliyeyusha vile vya mwisho. Mtoto alipinga, akageuza uso, akameza. Chini ya kikombe kulibaki unga kidogo umeshika pembeni. Dada alitia maji kijiko kimoja, akazungusha, akamnywesha na hayo, kisha akakielekeza kikombe dirishani penye mwanga, tukatazama ndani sote wawili.